Nani Asikuone?

Kofi lilimtua Bwana Vitufe shavuni mbele ya ofisi nzima. Kikombe kilimponyoka, kikapasuka sakafuni, na chai ikatambaa chini ya meza mpaka kwenye nyaya za kompyuta. Hakuna aliyeinama kuifuta. Watu waliganda, maana aliyempiga ndiye mchumba wake, na juzijuzi tu walikuwa wakiwatania kwamba siku ya harusi yao ofisi itafungwa.

"Rudia ulichosema juu ya mama yangu," Kimoja alisema, kiganja kikimwasha.

Bwana Vitufe alijishika shavu. Hakuwa mtu wa kurudisha kofi, wala hakuwa mtu wa kurudisha nyuma maneno yake, na hilo la pili lilimuudhi Kimoja kuliko la kwanza. "Nimesema hakuchanganyikiwa," alijibu taratibu. "Wewe ulitazama kidole chake. Mimi nilitazama uso. Mama aliogopa."

"Mama yangu si mwoga."

"Sijasema ni mwoga. Nimesema aliogopa."

Alikusanya vitu vyake akavitia kwenye mkoba, akaruka dimbwi la chai na kutoka. Hakugeuka. Kimoja alibaki amesimama na mkono wake unaowasha, akingoja moyo umwambie kwamba amefanya vizuri, na moyo ukakataa katakata.

Ugomvi wenyewe ulihusu skrini moja. Kimoja alikuwa mchoraji wa skrini pale kazini; yeye ndiye aliyeamua mtu akifungua programu aone nini kwanza, kitufe kikae wapi na neno gani liandikwe. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya wimbo wake wa kila siku, kwamba kitufe kimoja kinatosha. Mwenzake alikuwa mwandishi wa programu, fundi wa mambo yasiyoonekana, na kila kitu kwake kilikuwa na "je, kama". Je, kama mtu hataki? Je, kama simu imeshikwa na mwingine? Kila "je, kama" ilizaa kitufe, wenzake wakachoka, wakamwita Bwana Vitufe. Wawili hao waligombana tangu siku ya kwanza, na katikati ya ugomvi wakapendana bila kupumzika kugombana. Kimoja akisinzia mezani, koti la yule bwana humkuta mabegani. Akiamka, ubishi unaendelea pale ulipokatikia.

Programu waliyoitengeneza iliitwa Uko Wapi. Iliiweka familia nzima kwenye ramani moja, kila mtu nukta yenye picha yake. Ukitaka kujua mwanao amefika shule au mama ametoka hospitali, unafungua, unaona, basi. Kimoja hakuwa na imani na maoni ya watu wa ofisini, wanaojua kila kitu kabla ya kukijaribu. Yeye alimkalisha mtu wa kawaida, akampa simu, akakataza mtu yeyote asimsaidie, kisha akatazama kidole chake. Kidole kikitetemeka juu ya skrini fulani, skrini hiyo inaondolewa. Ndiyo ilikuwa sheria yake, na haikuwahi kumwangusha.

Kwa programu hii alimleta mama yake mzazi. Mama alipita skrini zote kama anachambua mchele, mpaka akafika kwenye ile ambayo Bwana Vitufe alikesha kuiandika. Juu yake paliandikwa Nani asikuone? Chini yake zilipangwa picha za wanafamilia. Ukimgusa mmoja, unachagua: asikuone kabisa, aone ulipokuwa mara ya mwisho, au akuone mahali pengine utakapopachagua wewe. Hicho cha tatu kilichekwa ofisi nzima. Kimoja mwenyewe alisema ni kitufe cha wezi na wazinzi. Basi kidole cha mama kilifika hapo, juu ya picha ya mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, kikaanza kutetemeka. Mama akaiweka simu mezani, akasema kitu hiki kigumu, akaomba maji ya kunywa.

Skrini ikaondolewa siku ileile. Bwana Vitufe akairudisha kimyakimya. Kimoja akagundua, na kofi likafuata.

Mama aliposikia uchumba umevunjika, hakuficha furaha yake. Hakumtaka yule bwana tangu siku aliyokuja na wazee wake kuposa, akakaa kitini mwanzo hadi mwisho bila kusema neno la maana. Kwa mama, mwanamume alikuwa yule aliyemwoa dada yake Kimoja: mchomeleaji mwenye kifua kipana, mchangamfu, aliyemtengenezea mama mkwe mlango wa chuma kwa mikono yake na kuupaka rangi ya bluu. Huyo ndiye mkwe. Huyo mwingine, mama alisema, ukimwacha sebuleni unaweza kumfuta vumbi pamoja na viti.

Uko Wapi ikatoka, watu wakaipenda. Kimoja alisifiwa kwa urahisi wake, akapewa hata kiti kipya. Alikikalia shingo upande, akiangalia mbele yake meza tupu ya Bwana Vitufe, ambaye hakurudi tena kazini.

*

Asubuhi moja mama alimpigia simu akasema neno moja tu, njoo, na sauti yake haikuwa yake.

Dada alikuwa amekaa kwenye sakafu ya jikoni, mgongo ukutani. Jicho moja limefumba. Mdomo umepasuka, na alipofungua kinywa Kimoja aliona pengo jipya mahali palipokuwa na jino. Dada alikuwa msusi, mwanamke aliyejivunia nywele zake kwa sababu ndizo zilizomtangazia biashara. Sasa upande mmoja wa kichwa ulikuwa mtupu, ngozi ikivuja damu pale zilipong'olewa kwa kuvutwa. Mama alikuwa amepiga magoti akimkanda kwa maji ya chumvi. Mikono yake ilifanya kazi ya huruma huku kinywa kikiendelea na maneno ya siku zote, kwamba ndoa ni kuvumiliana, kwamba mwanamume naye huchoka.

Kimoja alitaka kupiga kitu. Alishika ukingo wa beseni la kuoshea vyombo akaubana mpaka vidole vikauma.

Dada alisimulia kwa vipande. Alitoroka alfajiri akaenda saluni kwake. Mume akamfuata, akavunja vioo vyote, akamburuta kwa nywele mbele ya wateja. Akachomoka kwa mlango wa nyuma, akakimbilia kwa rafiki yake mtaa wa pili. Hata hajakaa, mume huyo hapo mlangoni. Akapanda teksi, akashuka sokoni ajichanganye na watu. Akamkuta.

"Amekuwa jini," dada alisema. "Kila nikimbiliapo nakuta ameshajua."

Kimoja alitoa simu yake. Akafungua Uko Wapi. Picha tatu zilikuwa zimesongamana juu ya paa moja: mama, dada na yeye mwenyewe. Ya nne ilikuwa barabara kuu, inakuja. Ilisogea kwa ulaini wa kupendeza. Alikumbuka alivyobishana na watu kwa siku nyingi ili nukta isogee vizuri hivyo, isirukeruke, mama wa watu asichanganyikiwe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kimoja alikishona mwenyewe, akamvisha dada yake.

Alitafuta pa kumficha, akakumbuka kwamba hakuna. Angemtoa dada kwenye familia, lakini mtu akitoka, programu huwatumia wenzake wote ujumbe: Ametoka, alikuwa hapa, pamoja na ramani. Sentensi hiyo aliiandika yeye, akidhani ni upendo. Angezima simu, lakini ukizima, picha yako hubaki ulipoonekana mwisho, yaani hapahapa jikoni kwa mama. Na mlango wa nyumba hii aliutengeneza yule anayekuja.

"Akifika nitaongea naye," mama alisema. "Mimi hunisikiliza."

"Mama, hivyo ndivyo ulivyosema mara iliyopita," dada alijibu bila kuinua uso.

Mama alikamua kitambaa. Maji mekundu yalidondoka kwenye bakuli.

Kimoja alitoka uani akapiga namba ambayo hakuipiga tangu siku ya kofi. Ililia mara moja tu. Nyuma ya sauti ya Bwana Vitufe palikuwa na ngurumo ya msumeno wa mashine. Bado aliishi kwenye chumba chake cha juu ya karakana ya seremala.

"Ni mimi," Kimoja alisema.

"Najua."

Alimweleza yote kwa pumzi moja, kisha akangoja lile neno, nilikwambia. Alistahili kulisikia, akajiandaa. Halikuja.

"Chukua simu ya dada," Bwana Vitufe alisema. "Weka kidole juu ya picha ya mume wake. Usibonyeze, shikilia. Shikilia mpaka izame."

Alirudi jikoni akafanya hivyo. Picha ya shemeji ilizama polepole, na chini yake ikafunguka ile skrini aliyoiua kwa mkono wake, na maneno yaleyale juu yake.

"Uliificha ndani ya kazi yangu," alinong'ona. Hata katika hali ile hasira ilimpanda.

"Wewe uliondoa mlango, mimi nikaacha dirisha kabla ya lile kofi. Nitukane baadaye."

"Dirisha lisilojulikana na mtu linamfaa nani? Dada amekimbizwa mji mzima na dirisha lako liko mfukoni mwake."

Kule upande wa pili msumeno ulinguruma, ukanyamaza. "Hapo umenishinda," alisema. "Nilifurahia kuwa sawa peke yangu. Sasa chagua kile cha tatu. Mahali pengine."

Ramani ilifunguka ikingoja. Kimoja alitaja kituo cha polisi. Bwana Vitufe alikataa. Akiona mkewe yuko polisi, alisema, hatakwenda polisi, atapita hapo hapo kwa mama kumngoja. Lazima awekwe mahali ambapo mume huyo ataacha kila kitu apafikie.

"Wapi?"

"Kwangu."

Kimoja alielewa. "Akimwona mkewe yuko chumbani kwa mwanamume atakuua."

"Atageuza, ndicho tunachotaka. Wewe waite polisi waje hapa. Na mlango wangu ni imara."

"Mlango wako ni wa mbao laini. Nimeuegemea mara ngapi? Unapinda."

Alisikia pumzi yake, na ndani ya pumzi hiyo kitu kama kicheko kidogo. "Kumbe unaukumbuka," alisema. "Weka, Kimoja. Anakuja."

Picha ya shemeji ilikuwa imeingia mtaani kwao. Kimoja aliweka kidole kwenye kile chumba cha juu ya karakana, mahali alipopendwa kuliko popote duniani, akainua kidole. Kwenye simu yake mwenyewe, picha ya dada ikahama kutoka jikoni na kutua pale, kando ya picha ya Bwana Vitufe. Kimoja alikuwa amemwingiza bwana huyo kwenye familia wakati wa uchumba, na baada ya kofi hakupata moyo wa kumtoa.

Nukta ya shemeji ilisimama. Ilikaa palepale muda ambao dada aliutumia kuuma kanga yake asitoe sauti. Kisha ikageuka, ikarudi barabara kuu, na mwendo wake haukuwa wa mtu anayetafuta tena.

*

Polisi walimjibu Kimoja kwamba wanakwenda kule karakana. Jirani alikaa na dada, mlango ukafungwa kwa ndani na kabati likasukumwa nyuma yake. Kimoja alipofika barabarani kusimamisha teksi alimkuta mama yupo naye, miguu peku, kanga imefungwa kiunoni.

Njiani Kimoja alikuwa ameikodolea macho ramani. Alipiga simu, haikupokewa. Aliona picha ya shemeji ikikaribia ile karakana, ikapunguza mwendo, ikazifikia zile mbili. Picha zilipandana mpaka zikawa duara moja, kama alivyozichora zifanye watu wa familia wanapokutana nyumbani.

Mafundi seremala chini walikuwa wanapasua magogo. Msumeno ulipiga kelele ya kutoboa masikio, na hakuna aliyekuwa amesikia kitu kingine. Kimoja alipanda ngazi akikwaruza ukuta. Mlango haukuwepo tena. Nusu yake ilikuwa ndani, nusu imening'inia kwenye bawaba.

Bwana Vitufe alikuwa chini, kati ya kitanda na meza. Nyusi imefunguka na damu imemjaa jicho. Mkono wa kushoto aliouinua kujikinga ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Juu yake alisimama shemeji na nondo, na kila alipoishusha aliuliza swali lilelile.

"Yuko wapi?"

Nondo ikapiga ubavu.

"Hayupo," Bwana Vitufe alisema. "Piga ukitaka. Hayupo."

"Yuko wapi?"

Kimoja hakukumbuka baadaye alivyovuka chumba. Alijikuta mgongoni kwa yule mtu, meno yamezama kwenye sikio lake, ladha ya damu na kutu kinywani. Shemeji alinguruma, akajipigiza ukutani naye nyuma yake. Pumzi ikamtoka. Akapigizwa tena, na bega likalia kama kijiti kikavu. Aliporomoka, akaiona nondo ikiinuka upande wake.

"Mwanangu. Weka chini hicho chuma."

Mama alikuwa mlangoni, anahema. Shemeji aligeuka, sikio likimvujia damu shingoni, na kwa kitambo kifupi mkono wake ulishuka kweli, kwa mazoea ya kumtii mama mkwe. Kisha akacheka.

"Mama, wewe ndiye uliyenirudishia," alisema. "Mara mbili alikimbilia kwako. Mara mbili ulinifungulia mlango nilioutengeneza mwenyewe, ukasema mchukue mkeo mkayamalize. Leo umekuwaje?"

Kimoja alimtazama mama yake, akimngoja akanushe. Mama hakukanusha. Macho yake yalizunguka chumba, yakatua mezani. Palikuwa na birika la umeme, mvuke unafuka. Bwana Vitufe aliyachemsha maji yale kwa ajili ya mgeni wake, na mgeni alipovunja mlango mkono wake ukashindwa kummwagia binadamu mwenzake.

Mkono wa mama haukushindwa. Alilinyanyua birika kwa mikono miwili, akatembea hatua za mtu anayepeleka chai kwa wageni, akamwaga yote kifuani kwa mkwe wake.

Ukelele ulisikika juu ya msumeno. Nondo ilianguka. Kimoja aliiokota kwa mkono wake mzima, akampiga shemeji gotini, yule akaanguka, naye akampiga tena, mguu, nyonga, popote nondo ilipofika. Alipiga kwa ajili ya jino na kwa ajili ya nywele. Alipiga kwa ajili ya ile nukta laini iliyosogea vizuri.

"Inatosha," sauti ilisema kutoka sakafuni. "Mpenzi. Inatosha."

Msumeno ulikuwa umezimwa. Mafundi walijaa ngazini na vumbi la mbao kwenye nyusi, wakamkalia yule mtu wakamfunga kwa kamba za kufungia magogo. Polisi walifika baada ya hapo, wakauliza kwa ukali ni nani aliyeanza.

*

Mchana ule, kwenye chumba cha zahanati chenye vitanda viwili, Bwana Vitufe alilala amefungwa plasta mkono wa kushoto, uzi mweusi wa mshono juu ya jicho. Kimoja alikaa kando yake, bega limefungwa kitambaa. Walitazamana, wakakwepana, wakatazamana tena, kama vijana wasiowahi kushikana mikono.

"Sijakuomba radhi kwa lile kofi," Kimoja alisema.

"Leo nimejua lilikuwa kofi dogo."

Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alilia kwa sauti, hakujali muuguzi. Bwana Vitufe alimwekea mkono mzima shingoni, akauacha hapo, na joto la kiganja hicho alilolikosa siku zote zile lilimfanya alie zaidi. Akamwambia anampenda. Akamwambia pia kwamba skrini yake itarudi, ila si vile alivyoiandika.

"Nilijua haitapita bure," alisema Bwana Vitufe.

"Swali moja tu, mbele kabisa, mahali pa kuonekana. Nani asikuone? Unagusa picha, basi, hakuoni na hajui kama humtaki. Yale mengine uliyoyatunga yakae chini yake, atakayeyahitaji ayafungue."

"Na mahali pa kuchagua?"

"Papo. Ila paandikwe kwa maneno ya mtu anayekimbia. Wewe uliandika kwa maneno ya mtu aliyekaa."

Bwana Vitufe alifikiri. "Je, kama mume ndiye ameshika simu ya mke?"

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, "je, kama" haikumkera Kimoja. "Hiyo tutaifikiria," alisema. "Usilale."

Mlango ulifunguka, mama akaingia na dada nyuma yake, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Bwana Vitufe alijaribu kujiinua kumwamkia. Mama alimzuia kwa mkono, akasimama mwisho wa kitanda, akazungumza na binti yake mdogo.

"Siku ile uliniuliza kama ni ngumu, nikasema ngumu," alisema. "Haikuwa ngumu, mwanangu. Ilikuwa rahisi mno. Niliona picha ya mkwe, nikaona naweza kumficha dada yako kwa kidole. Na jana yake tu nilikuwa nimemtoa mimi mwenyewe kwa mkono, nikamkabidhi mumewe. Ningegusa pale, ningekuwa nimekiri."

Dada alikuwa anaangalia dirisha, na bega lake lilikuwa mbali kidogo na bega la mama. Hilo halingepona kwa mshono wa siku moja, na mama alilijua, hakujisogeza.

"Na wewe uliona," mama alimwambia Bwana Vitufe.

"Niliona, mama."

"Nikakuita kiti."

"Hilo sikulisikia, mama."

"Basi nililisema." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Mkono ukipona, waambie wazee wako waje tena. Safari hii mimi ndiye nitakayekaa kimya."

Kimoja alihisi vidole vya Bwana Vitufe vikibana vyake mpaka vikauma, akaviacha viume.

Mama alitoa simu yake kwenye pindo la kanga. Aliomba aelekezwe ile namna ya kushikilia, akaelekezwa mara moja, akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Akafungua Uko Wapi. Picha ya mkwe ilikuwa kituo cha polisi, inacheka. Mama ndiye aliyempiga picha hiyo, siku ya ule mlango wa bluu. Akaweka kidole juu yake.

Kidole kikaanza kutetemeka. Bwana Vitufe aliunyoosha mkono wake mzima ili amsaidie, na Kimoja akaushika akaurudisha kitandani. Chumba kizima kilingoja. Kidole kilitetemeka mwanzo hadi mwisho, lakini hakikuondoka mpaka picha ilipozama, na Kimoja hakukitazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama mama yake usoni.